Mguu wa Kulia

Jumamosi, 8 Machi

Pikipiki itaondoka tarehe 29 ikiwa hatutakuwa na waendeshaji watatu. Kariuki, mwenye pikipiki, alimwambia Otieno hivyo kwa simu leo asubuhi. Otieno akaniambia mimi nikiwa juu ya pikipiki yenyewe, gurudumu la mbele limeegemea jiwe, nikijaribu kusimama bila kusonga. Nikaanguka. Si kwa sababu ya habari. Ningeanguka tu.

Sharti si geni. Kariuki alikuwa akishindana kwenye mashindano ya vikwazo, yale ya kupita juu ya mawe na magogo polepole bila kutia mguu chini, mpaka goti likamkatalia. Mwaka jana akawaazima watu wa Laini Saba, Kibera, pikipiki yake. Alitaka itumiwe na kikundi, isigeuke mali ya mtu mmoja. Walikuwa watatu: Otieno anayewafunza wenzake, Zuhura, na Wafula. Alhamisi Wafula alikuwa kazini kwenye boda yake, mtu akafungua mlango wa gari bila kutazama. Kifundo cha mkono kimevunjika. Wamebaki wawili.

Kariuki anakuja mwenyewe kuona watatu wakipita. Asipowaona, kuna kikundi Nakuru kinachoisubiri.

Otieno hakuniomba. Aliangalia reli inayopita kando yetu. Zuhura ndiye aliyesema, "Mama Imani, kwani wewe si mtu?"

"Mtu ni mtu," Otieno akajibu, "lakini huyu mathe hata kusimama hajui."

Ni kweli. Nimekubali hata hivyo.


Jumapili, 9 Machi

Niandike nilivyofika hapa, kabla sijaanza kujidanganya kwamba kulikuwa na sababu kubwa.

Januari nilikwenda Laini Saba kurekodi kipindi kifupi cha redio kuhusu Otieno. Dereva wa boda, umri chini ya thelathini, anaweza kusimama juu ya jiwe na pikipiki isiyosonga muda wote wa mahojiano. Nilipomaliza nikaomba nijaribu. Mimi nimeendesha pikipiki kwenda kazini kwa miaka mingi. Niliona ni jambo dogo. Nilianguka pikipiki ikiwa imesimama, injini imezimwa, mbele ya wanawake wawili wanaouza sukuma wiki. Kesho yake nikarudi.

Sipendi kushindwa na kitu kilichosimama. Hiyo ndiyo sababu yote.

Pikipiki yenyewe ni nyembamba, nyepesi, usukani mpana, na haina kiti. Kwenye vikwazo hakuna kukaa. Watu wa hapa hawajaizoea hadi leo. Jana mwanamume mmoja alipita na mkokoteni akauliza, "Hii nduthi nani ameinyoa kiti? Abiria anakaa wapi, kwa shingo?" Otieno aliwasha pikipiki. Ameulizwa hivyo mno.


Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya nyumbani, Kawangware. Pikipiki yangu ya kazi, injini imezimwa, gurudumu la mbele kwenye ukuta wa ploti. Usukani umezungushwa kushoto hadi mwisho. Kidole kimoja kwenye breki ya mbele. Macho mbele, si chini. Uzito kwenye miguu, mikono iwe laini. Hivyo ndivyo Otieno alivyonielekeza.

Macho yalikwenda chini. Nilivuta kamba ya nguo nikaanguka na shuka za mtu.

Nyambura, jirani anayekaanga mandazi langoni, aliniangalia muda mrefu akiwa na kijiko chake. "Mama Imani, hiyo pikipiki imekufa ama unaiombea?"

Nimefua shuka upya. Nimerudi ukutani. Baada ya hapo nilisimama mara moja kwa muda wa kuvuta pumzi ndefu na kuitoa. Ni kidogo. Jana ilikuwa hakuna.

Mhariri anataka nifanye mfululizo wa vipindi kuhusu mazoezi haya. Nimekataa. Mimi huripoti. Siripotiwi.


Alhamisi, 13 Machi

Nimewahi kutoka kazini, nimefika Laini Saba bado kuna mwanga.

Zuhura amefunga. Ni Ramadhani, na anafanya mazoezi saa za mwisho za mchana, midomo imekauka, hatemi hata mate ovyo. Ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, hapo hapo Kibera, anachomelea milango ya chuma kwenye karakana ya baba yake. Kati yetu ndiye anayeendesha vizuri kuliko wote, Otieno akiwemo. Otieno mwenyewe anakubali, ingawa si kwa sauti.

Leo tumeanza kuinua gurudumu la mbele. Vijana wanaita wili. Barabarani watu huifanya kwa mbwembwe, resi kubwa na makelele. Hapa ni kitu kingine. Unakuja polepole, unaibonyeza pikipiki chini mbele, inaporudi juu unaongeza mafuta kidogo na kuachia klachi, nyonga zinakwenda nyuma, mikono inanyooka. Gurudumu linapanda. Likipanda kupita kiasi, mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma na linashuka lenyewe. Bila hiyo wili huwezi kupanda gogo. Bila gogo huwezi kupita mbele ya Kariuki.

"Breki ya nyuma ndiyo mama yako," Otieno alisema. "Ukiiacha, uko peke yako dunia hii."

Gurudumu langu halikupanda. Likapanda kidogo. Nikaogopa, nikafunga mafuta. Hivyo hivyo hadi Zuhura alipokwenda kufuturu.


Jumamosi, 15 Machi

Nimeanguka vibaya.

Gurudumu lilipanda vizuri kwa mara ya kwanza. Nikafurahi. Likaendelea kupanda. Nikaona mbingu, na nyaya za umeme. Pikipiki ilitoka chini yangu, mimi nikatua kwa mgongo, helmeti ikagonga udongo. Yenyewe ikaanguka pembeni. Haikuharibika ila kishikio cha klachi, kimepinda.

Otieno alikuja akaiinua pikipiki kwanza. Simlaumu. Kisha akaniuliza kama nahisi vidole vya miguu. Ninavihisi.

"Mguu ulikuwa wapi?"

"Kwenye breki."

"Zii, mathe. Haukuwa."

"Ulikuwa kwenye breki."

Zuhura alikuwa amerekodi kwa simu yake. Akatuonyesha. Gurudumu linapanda, na papo hapo mguu wangu wa kulia unatoka kwenye kikanyagio, unanyooshwa pembeni, unaning'inia hewani kama wa mtu anayetafuta ardhi. Breki haikuguswa.

Nimeripoti kwa miaka mingi habari za watu walioapa kwamba hawakufanya walichofanya. Leo najua kuwa si wote wanaodanganya. Mimi ningeapa.


Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Hakuna kilichovunjika. Mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo umepigika. Nakaa kwa upande mmoja.

Imani, binti yangu, ananiudhi kwa kuwa yuko sahihi. Anasomea uuguzi na anajua majina ya mifupa yote ninayoweza kuvunja. "Mama, ukilala kitandani mimi nitakugeuza na nini? Na huyo Otieno wako atakuletea uji?" Nimemwambia tarehe 29 nitamaliza. Ameuliza kama nitamaliza mazoezi au nitajimaliza mimi.

Nimefikiri juu ya mguu ule siku nzima. Sasa naujua. Ni mguu wa Kibera.

Mvua ikinyesha, vichochoro vinakuwa uji. Kila dereva wa pikipiki hapa, wa boda, wa kuuza maji, mimi nikienda kutafuta habari, anapita kwa namna moja: gia ya kwanza, miguu yote miwili imetolewa kwenye vikanyagio, imening'inizwa pande zote mbili karibu na ardhi. Gurudumu likiteleza, mguu uko tayari. Hakuna aliyetufunza. Anayeweka miguu juu kwenye matope anaonekana mgeni au mjinga. Mimi mguu huo umeniokoa mara nyingi kuliko breki yoyote.

Na kwenye wili, mguu huo ndio unaoshika breki. Pikipiki ikiyumba, unatoka. Unakwenda kuniokoa na kuniua wakati mmoja.

Nimemtumia Otieno ujumbe wa maneno hayo. Amejibu: "Tuko wote. Hata mimi ilinisumbua mwaka mzima." Mimi sina mwaka.


Jumatano, 19 Machi

Otieno ametoa dawa. Si kwa pikipiki ya Kariuki bali kwa yangu ya kazi. Kila jioni nitoke relini, niteremke hadi Kisumu Ndogo, mtaa wa bondeni, kwa njia mbaya zaidi, polepole, miguu juu ya vikanyagio. Nikianguka nianguke. Mguu usitoke.

Usiku mvua ilinyesha. Njia ilikuwa kama sabuni.

Nilifika hadi pale wanawake wanapopanga omena zao, dagaa wa ziwani, juu ya magunia. Gurudumu la nyuma likaanza kuhama. Wote wakaona. Wote, kwa nia njema kabisa, wakapaza sauti: "Weka mguu! Mathe, weka mguu!"

Mguu ukatoka kabla sijaamua. Nikapita salama. Wakapiga makofi.

Nikageuza, nikarudi juu, nikateremka tena. "Weka mguu!" Sikuweka. Nikaanguka upande wa kushoto, taratibu sana, nikiona kila kitu, na omena za mwanamke wa kwanza zikapata matope.

"Sasa hii nitaiita omena gani?" aliuliza. "Ya ziwa ama ya mtaro?"

Nimenunua zote zilizochafuka. Nyumbani Imani amezichambua. Tutakula omena hadi Jumapili.


Ijumaa, 21 Machi

Njia ileile. Leo wanawake wa omena walisogeza magunia waliponiona natokea juu. Nimeteleza, nimeyumba, mguu umetetemeka juu ya kikanyagio lakini haukutoka. Nimepita.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alisema, "Huyu ana kiburi."


Jumamosi, 22 Machi

Imewezekana.

Gurudumu lilipanda hadi mahali ambapo pikipiki haina uzito tena. Nilijua ni hapo kwa sababu nilitulia. Ikataka kwenda nyuma. Kidole cha mguu kikabonyeza. Gurudumu likashuka mbele yangu kama mtu anayekaa kwenye kiti.

Otieno alisema, "Sawa. Tena."

Tena. Tena. Sijahesabu. Nyingine mbaya, nyingine nzuri, mguu haukutoka. Zuhura, ambaye hajala wala kunywa tangu alfajiri, alikaa juu ya tairi kuukuu akasema, "Sasa angalau ukianguka utaanguka kama mtu anayejua." Nimelichukua kama sifa.

Limebaki gogo.


Jumanne, 25 Machi

Siku mbaya. Gogo limenishinda kabisa.

Ni la mgunga, unene wake unafika chini kidogo ya goti langu. Gurudumu la mbele lazima lipande kabla tu ya kuligusa, litue juu yake, kisha uzito uende mbele haraka ili la nyuma lipande pia. Mimi napandisha mapema, gurudumu linashuka kabla ya gogo, injini inazima. Au nachelewa, nagonga. Au napanda, nasita, nabaki nimekaa katikati kama ndoo juu ya ukuta.

Nilipokuwa nikinywa maji nilimsikia Otieno akimwambia Zuhura kwa sauti ya chini kwamba amempigia simu mwenzake wa steji yao ya boda. Hakujua nasikia, au alijua. Jamaa akaja, mwanamume wa makamo, mwenye nguvu, anaendesha boda kila siku ya Mungu. Alipanda pikipiki akicheka. Alipofika kwenye jiwe la kwanza miguu yote miwili ilitoka kama mbawa. Akajaribu tena. Ikatoka tena. Akashuka, akasema pikipiki isiyo na kiti ina laana, akaenda zake.

Sote tumefunzwa na matope yaleyale. Tofauti ni kwamba mimi nimeanguka zaidi yake.

Nilimwambia Otieno usoni kwamba kutafuta mtu mwingine ni sawa, mradi nami nijue. Aliona aibu. Akasema, "Mathe, mimi bila hii sina kitu. Boda ni kula. Hii ndiyo mimi." Hajawahi kusema sentensi ndefu hivyo kujihusu, hata nilipokuwa na kinasa sauti mkononi. Juni kuna mashindano kwenye machimbo ya mawe, ya kwanza kwake. Pikipiki ikienda Nakuru, hana ya kushindana nayo.

Nilirudi kwenye gogo hadi giza. Bado.


Alhamisi, 27 Machi

Gogo, mara moja. Moja tu, mwishoni. Zuhura alikuwa ameshakwenda. Otieno alikuwa anaongea na simu, hakuona.

Nilifanya nini tofauti? Sikuangalia gogo. Niliangalia ukuta wa bati ng'ambo yake.

Nimeandika hapa kwa sababu hakuna shahidi.


Ijumaa, 28 Machi

Mvua mchana kutwa. Hakuna mazoezi. Kazini nimesoma taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi bila kukosea, na sikumbuki hata neno moja nililosoma.

Jioni nimepita Laini Saba. Otieno alikuwa chini ya mwavuli wa kibanda akiiosha pikipiki kwa mswaki, kila mwanya wa magurudumu. Kesho itachafuka dakika ya kwanza. Sikumwambia. Ameniambia ikienda ni sawa tu, hana shida, kuna maisha mengine. Alikuwa akisugua mahali pamoja muda wote.

Naogopa. Si kuanguka. Naogopa uso wake nikishindwa.


Jumamosi, 29 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Kariuki alifika saa nne. Mtu mfupi, anachechemea, jaketi la zamani la mashindano limefifia. Hakusalimia sana. Alitembea njia yote kwa miguu, akapigilia vigingi vya kuonyesha mipaka: mawe matatu, tairi lililozikwa nusu, gogo, kisha kona ya tope kupanda juu hadi relini. Akatangaza masharti. Kila mtu ana nafasi mbili. Ukianguka, ukizima, ukitoka nje ya vigingi, nafasi imekwisha. Mguu ukigusa chini mara moja anasamehe. Mara ya pili, nafasi imekwisha. Wote watatu wapite, ama pikipiki inapakiwa. Pikapu yake ilikuwa nyuma yake, mlango wa nyuma umeshafunguliwa. Nadhani alifanya hivyo makusudi.

Watu walijaa. Juu ya tuta la reli, kwenye mlango wa kinyozi, juu ya mabati. Wanawake wa omena walipanda kutoka Kisumu Ndogo. Nilimwona Imani. Sikumwalika.

Zuhura alikwenda kwanza. Amefunga, kuna joto, ardhi imelowa. Alipita kama mtu anayevuka sebule yake. Hakuna mguu. Kariuki alikuna shingo.

Otieno alikwenda wa pili. Nafasi ya kwanza alizima kwenye tairi. Otieno, ambaye hazimi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikia jina lake likisomwa mahakamani. Nafasi ya pili alipita, mguu mmoja chini kwenye kona. Alipomaliza hakuitikia watu. Alinikabidhi pikipiki tu. Vishikio vilikuwa na jasho lake.

Nafasi yangu ya kwanza. Mawe: sawa. Tairi: sawa. Gogo: niliinua gurudumu, likatua juu, nikasita. Pikipiki ikaanza kulala upande wa kulia. Na hapo, kutoka kila mahali, sauti nzuri za watu wanaonitakia mema: "Mguu! Mguu! Weka mguu, mathe!" Mguu ukatoka. Ukagusa. Nikaurudisha, ukatoka tena. Kariuki akainua mkono. Nafasi imekwisha.

Mtu mmoja alisema, "Si tulimwambia aweke, na ameweka?" Watu wakacheka, kisha wakamwelewa Kariuki, wakaacha kucheka.

Niliirudisha pikipiki mwanzo kwa kuisukuma. Nilikuwa na hasira, na nilijua namkasirikia nani: mimi mwenyewe. Otieno alikuja karibu. Nilidhani ataniambia kuhusu mguu. Alisema tu, "Usipumzike. Nenda."

Kisha Zuhura akafanya jambo ambalo sitasahau. Alipanda juu ya tairi kuukuu, mtu ambaye huwa hapazi sauti hata akigombana, akawageukia watu wote: "Nyinyi mama zangu, na nyinyi wa mabatini! Leo mtu akisema mguu, mimi na yeye! Nyamazeni!"

Mwanamke wa omena akajibu, "Sasa tuseme nini?"

"Msiseme kitu!"

Nafasi ya pili. Mawe. Jiwe la pili liliteleza, nikatulia juu ya la tatu, usukani kushoto, kidole kwenye breki, nikasubiri pikipiki ikubali. Ikakubali. Tairi. Kisha gogo. Nilitazama ng'ambo. Bonyeza, mafuta, klachi. Gurudumu likapanda, juu zaidi ya nilivyotaka. Kwa muda niliona mbingu tena, na nyaya. Mguu wa kulia ulitaka kutoka. Niliuhisi ukitaka, kama mtoto anayevuta mkono wa mama yake sokoni. Haukutoka. Ukabonyeza. Gurudumu likashuka juu ya gogo, nikajitupa mbele, la nyuma likapanda, likavuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Kimya hicho kilinitisha kuliko sauti.

Kona ya tope, sehemu rahisi kuliko zote, nikatia mguu chini. Mara moja. Kwa mazoea tu, hakukuwa na haja hata kidogo. Nikapanda hadi relini.

Kariuki alifika juu akichechemea. Alisema, na nanukuu kwa sababu niliyaandika mkononi papo hapo kwa kalamu: "Mbaya. Lakini imepita. Inabaki." Akaenda kufunga mlango wa pikapu.

Ndipo watu walipopiga kelele. Otieno alikaa chini kwenye reli, akafunika uso kwa helmeti. Alikaa hivyo muda mrefu. Zuhura alisimama mbele yake ili watu wasimwone.

Imani alinishika mkono, akaugeuza, akakagua kiwiko changu kilichochubuka kama mtu anayekagua nyanya. Akasema nikifika nyumbani nikioshe kwa maji ya chumvi.


Jumapili, 30 Machi

Mwili wote unauma. Bega la kulia zaidi. Nimelala hadi saa tatu, jambo nisilolifanya.

Kariuki amempigia Otieno simu. Kwa mashindano ya Juni anataka Otieno, Zuhura na Wafula, plasta ikishatoka. Mimi ni wa akiba. Otieno aliniambia kwa kuzunguka sana, akitafuta maneno. Nilimwambia aseme tu. Kariuki ana haki. Ningekuwa mimi ningeamua hivyo hivyo. Nimeumia kidogo. Nimeandika, basi.

Mchana nimepeleka tende na maziwa kwa kina Zuhura, Makina. Mama yake alinipokea mlangoni, akaniuliza kama ni mimi yule mama wa pikipiki. Nilisema ndiyo. Akasema bintiye amelala tangu adhuhuri na hajawahi kumwona amechoka hivyo. Wanatazamia mwezi leo jioni. Sikukaa.

Nimerudi Kawangware kwa njia ya lami. Nyambura alinipa mandazi mawili ya moto.

Zuhura ameamka, ametuma ujumbe. Wiki hii ni Idi, hakuna mazoezi. Tunaanza tena Jumamosi tarehe 5 Aprili, saa moja asubuhi. Baba yake ameahidi kuleta gogo kubwa zaidi.